Ngazi Ilikuwa Inalia

Ghalani,
12 Februari

Shemeji,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mdomo umeshindwa. Kila nikianza habari ya sauti unaninyooshea kiganja na kusema, "Baadaye, Masikio, baadaye." Sawa. Umekwenda mjini kutafuta lenzi na dereva atakukabidhi hii karatasi. Karatasi haiogopi kiganja.

Siku ulipokuja kuniomba nikurekodie sauti ya filamu yako, ulikaa kwenye kochi langu pamoja na mke wako, mdogo wangu Kitinda, ukaniambia, "Ni mwanamke anayerudi kwenye ghala alikofanya kazi miaka ishirini. Maneno machache. Sauti ndiyo kila kitu." Hayo ni maneno yako. Sasa sikia ninachosikia mimi.

Jenereta liko hatua kumi kutoka dirishani. Ndani ya hedifoni zangu mdogo wangu anaongea kama mtu aliyemezwa na trekta. Waya unatosha, lisogezwe nyuma ya ukuta wa choo. Seremala wa jirani ni muungwana, nimeongea naye mwenyewe: akiambiwa mapema atasimamisha randa nusu saa bila kinyongo. Wewe unamtuma mtu akamfokee, naye anapiga randa kwa nguvu zaidi. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Mabati ya paa yakishapata jua yanaanza kutatarika, kwa hiyo maneno yote ya ndani tuyachukue asubuhi. Na kila tukimaliza sehemu moja, nipe dakika moja tu ya watu kunyamaza, nirekodi kimya cha ghala lenyewe. Jana nilipoomba hivyo mpiga picha alianza kumenya karanga.

Halafu ile ngazi ya mbao. Kipandio cha tano kutoka juu kinalia. Kinalia kama mtu anayevunja muwa. Kitinda atashuka pale akisema yale maneno yake marefu, na mlio ule utamkata katikati. Nataka kutandika blanketi.

Mimi si mkorofi. Miaka kumi na nne nimefanya kazi hii, na nakuambia: picha mbovu watazamaji wataivumilia, watasema ni usanii. Sauti ikiwa mbovu wanainuka na kuondoka.

Dada wa mke wako,
Masikio


Mjini,
13 Februari

Shemeji yangu mwenye hasira,

Barua yako nimeisoma kwenye kiti cha kinyozi, nimecheka mpaka kinyozi akanionya nisije nikapoteza sikio. Hapo ningekuwa sina tofauti na unavyonifikiria.

Jenereta litasogezwa. Seremala msalimie. Dakika za kimya sahau. Zimebaki siku nne na kurasa ishirini na mbili. Kelele ndogo ndogo mhariri atazisafisha, siku hizi kuna programu zinafuta hata kikohozi. Ngazi tandika blanketi, ukitaka tandika hata godoro.

Ila naomba jambo moja kwa heshima: usinisimamishe tena mbele ya watu. Mwongozaji akisimamishwa kila saa, watu wanaacha kumsikiliza. Mke wangu niko naye huku, anakusalimu, na anauliza kama hiyo maiki ya kifuani ni lazima ibandikwe kila siku kama plasta.

Shemeji yako


Hospitali,
22 Februari

Shemeji,

Upasuaji umekwisha salama. Wamemwekea mke wangu chuma kwenye paja alilovunja pale ngazini. Daktari anasema atatembea, ila kwa kuchechemea, na habari za kukimbia asahau. Hakulia. Aliuliza tu kama shule anayofundisha imeshapata mwalimu mwingine wa michezo.

Najua Jumapili kwa wazee mambo yalikuwa makali. Baba aliniuliza ilikuwaje, nikajibu nilichokiona. Sikukusudia kukutia aibu. Lakini ukweli ni kwamba blanketi ulitandika wewe, kwa ajili ya sauti yako, na blanketi ndilo lililoficha ubao uliooza. Angeuona ufa asingeukanyaga. Sisemi kwa ubaya. Mama anasema usije hospitali mpaka roho zitulie, nami naona ana hoja.

Yule mlinzi mwenye funguo za ghala amefukuzwa. Mwenye ghala anasema alipaswa kutuambia kwamba ngazi ni mbovu. Ni haki.

La mwisho ni la kazi. Mpe dereva kadi zote za sauti za siku ile. Usihangaike kuzisikiliza, zitakuumiza bure. Mpiga picha hakuzima kamera, na kilio cha mke wangu najua kimenaswa vizuri. Tukishatulia nitaangalia kama kinafaa. Kilio kama kile hakiigiziki.

Shemeji yako


Nyumbani,
24 Februari

Shemeji,

Sina cha kujitetea. Nilitandika kwa mikono yangu. Nilipiga magoti nikapigilia vimisumari pembeni ili lisiteleze, nikajiona mtu makini. Mwambie Mama nitakaa mbali kama alivyotaka. Mwambie Kitinda... usimwambie kitu. Nitatafuta maneno mwenyewe.

Lakini hicho kilio. Unakitaja kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani! Mke wako amevunjika paja, wewe unaangalia kama "kinafaa"? Dereva wako amerudi mikono mitupu. Sijawahi kutoa kadi bila kuisikiliza yote kwanza, na sitaanza leo. Itaniumiza? Acha iniumize. Ninastahili.

Masikio


Nyumbani,
1 Machi

Wewe,

Shemeji sikuiti leo. Shemeji ni neno la heshima.

Unakumbuka siku ile nilipomaliza kutandika nilikwenda kwa seremala kumwomba asimamishe randa? Nilivua hedifoni nikaziweka juu ya mashine. Mashine sikuizima. Siizimi kamwe, nikiizima nasahau kuiwasha. Na maiki ilikuwa kifuani kwa mdogo wangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwako nilikibandika mimi mwenyewe kwenye blauzi ya mke wako.

Nimesikiliza mara kumi na moja. Nakuandikia neno kwa neno, usije ukasema nimeongeza chumvi.

Kwanza zinasikika funguo. Halafu sauti ya mlinzi: "Bosi, nilikwambia jana na leo narudia. Ile ngazi ya mbao msipande. Tumieni ya chuma, kule nyuma."

Wewe: "Ya chuma haipendezi kwenye picha."

Mdogo wangu: "Kwani hii ina nini?"

Mlinzi: "Imeliwa na mchwa, mama. Mimi mwenyewe sipiti."

Wewe: "Sawa, tumekusikia. Asante, tumekusikia."

Funguo zinaondoka. Halafu mdogo wangu, kwa sauti ya chini: "Tumwambie dada?"

Na wewe: "Ukimwambia Masikio tumekwisha. Ataanza mambo yake na jua litatupita. Shuka upesi upesi, usisimame juu ya ubao. Mara moja tu."

Mara moja tu! Akashuka mara moja, ukasema arudie. Akashuka mara ya pili, ukasema hakutazama dirishani, arudie. Mimi nimesimama pale nimeshika maiki ya fimbo kama mjinga, nafurahia ngazi imenyamaza.

Halafu Jumapili ukakaa sebuleni kwa wazazi wangu, mbele ya baba yangu, ukainamisha kichwa, ukasema, "Ni lile blanketi." Mama alinitazama kama mtu asiyenijua. Nikaomba msamaha. Nilipiga magoti kwenye zulia lao nikaomba msamaha, wewe unanitazama! Na umeona ni haki mlinzi mwenye watoto afukuzwe kwa kutokusema alichokuambia mara mbili.

Utakwenda kwa mwenye ghala useme ukweli. Kisha utakwenda kwa wazee wangu useme ukweli. Ukishindwa, nitasema mimi, na mimi nina mashine.

Fundi sauti


Mjini,
4 Machi

Shemeji,

Nani alikupa ruhusa ya kusikiliza maneno ya mtu na mke wake? Hizo kadi ni za filamu, si zako. Ukizitoa nje nitakupeleka mahali tukaulizane vizuri.

Ndiyo, alisema. Kila mlinzi niliyewahi kukutana naye anasema usipande, usiguse, usiingie. Ndiyo kazi yake. Ningewasikiliza wote nisingepiga hata picha moja maishani. Hujui ilivyo kusimama mbele ya watu kumi na wawili wanaokungoja useme neno, jua linakwenda, na ghala tumepewa kwa siku chache tu. Wewe una mashine ya kusikiliza. Mimi nina kila kitu kingine.

Na usijifanye malaika. Barua yako ya tarehe kumi na mbili ninayo hapa. "Kinalia kama mtu anayevunja muwa." Ulikisikia kabla ya mtu yeyote. Ulichoomba ni blanketi.

Halafu hesabu watu waliokuwa pale. Mke wangu ana mdomo. Amelala hospitali siku zote hizi, wazee wanakusema asubuhi na jioni mbele yake, na hajafungua kinywa. Hasira zako mwandikie yeye.

Mimi


Nyumbani,
5 Machi

Kitinda,

Ninayo barua ya mume wako mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu akuoe amesema jambo la kweli.

Wiki iliyopita Mama alinipigia simu kutoka hapo ulipolala. Aliniambia, "Umenivunjia mwanangu kwa ajili ya kelele." Na nyuma yake nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi chako nakijua kuliko ninavyolijua jina langu. Ulikuwa hapo. Ulisikia kila neno. Ukakohoa, basi.

Nimejaribu kukutetea ndani ya kichwa changu. Nimesema labda ni dawa, labda hakumbuki, labda anaogopa. Kila nikimaliza kukutetea naweka hedifoni na kukusikia ukiuliza, "Tumwambie dada?" Unakumbuka vizuri. Ulifikiria kuniambia, kabla na baada, na mara zote mbili ukaona afadhali nisijue.

Mume wako ni mume wako, sikushangai kumpenda. Lakini mimi nimelala na kuamka najiita mtu aliyekaribia kuua. Kazi nyingine niliyoitiwa nimeiacha siku ya kwanza kwa sababu nilishindwa kubandika maiki kwenye shati la mtu. Na yule mlinzi hana kazi. Ulijua. Wote hao umewaweka chini ya mto wako wa hospitali ukalalia.

Kwa nini? Sitaki unibembeleze. Nijibu tu.

Dada yako


Hospitali,
14 Machi

Dada,

Nimekaa na swali lako siku tisa. Jibu zuri sina, kwa hiyo nakupa lililopo.

Niliposhuka mara ya kwanza ubao ulinesa, nikajua. Mara ya pili nikajua zaidi. Kabla ya mara ya tatu mume wangu aliniuliza, "Unaweza?" nikajibu, "Naweza." Hilo nalo limo kwenye kadi yako. Hukuliandika. Sijui ni kwa huruma au ni kwa sababu lingemponya yeye. Hakunisukuma, dada. Nilitaka itoke nzuri. Miaka sita nasikia vicheko vyenu: mume wa Kitinda ana maneno tu, mume wa Kitinda filamu yake iko kichwani. Hata wewe ulicheka. Nilitaka siku moja mkae kwenye viti mtazame, mnyamaze.

Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichosikia ni kwamba ni blanketi. Nikaona nafuu. Kama ni blanketi, basi si mume wangu aliyenivunja, wala si mimi mpumbavu niliyepanda mara tatu kitu nilichoambiwa kimeoza. Ni wewe. Na wewe una nguvu, utabeba. Siku zote wewe ndiye wa kubeba. Hilo ndilo jibu, na nikilisoma hapa nalichukia.

Ila na mimi nina hasira zangu. Barua yako ina mikono yako iliyoshindwa kazi, ina mlinzi, ina Mama, ina kikohozi changu. Haina mstari mmoja unaouliza mguu unaumaje. Siku ishirini na saba, dada!

Sasa nikueleze nilichofanya. Juzi alasiri niliwaomba Baba, Mama na mume wangu wakae. Ile barua yako ya tarehe moja aliileta hapa mwenyewe kunionyesha jinsi ulivyo na kiburi, nami nilibaki nayo. Nikampa Baba asome kwa sauti. Alipofika kwenye maneno ya mlinzi alivua miwani.

"Haya yalisemwa?"

"Baba, kazi zetu hizi zina mazingira yake..."

"Sijauliza mazingira. Yalisemwa, au hayakusemwa?"

"Yalisemwa."

Nilidhani Mama atamrukia. Hakumtazama hata kidogo. Aligeuka kwangu. "Na wewe ukaniacha nimtukane mwanangu?" Akachukua mkoba wake akatoka. Hajarudi. Chakula ananiletea Baba, anakiweka, anakaa dakika tano akitazama dirisha, anaondoka.

Mume wangu nimemwambia asije mpaka nimwite. Sijui nitamwita lini. Kwa mwenye ghala amekataa katakata kwenda, anasema itakuwa kujipeleka mwenyewe kitanzini. Kwa hiyo hilo limebaki kwako, na ruhusa yangu unayo: sauti iliyomo ni yangu pia.

Naomba mambo mawili, na najua sina haki ya kuomba hata moja. Filamu imalizike. Ikitupwa nimevunjika bure. Hakuna mwingine anayeweza kuisafisha ile sauti bila kuiharibu, na mume wangu anajua, ndiyo maana anakuogopa. La pili, kilio changu kisitumike. Si kwenye filamu hii wala popote. Amesema hakiigiziki. Ni kweli, sikuwa naigiza.

Mdogo wako


Nyumbani,
21 Machi

Kitinda,

Mguu unaumaje? Nimeliweka juu kabisa, kabla ya salamu, kwa sababu umesema kweli. Niliogopa kuuliza. Ukiuliza unajibiwa.

Jumatatu nilibeba mashine nikaenda ofisini kwa mwenye ghala. Alianza kunieleza kwamba jambo lilishafungwa na yeye ni mtu mwenye shughuli. Nikamwambia hii ni shughuli ya dakika nne, nikamvisha hedifoni kabla hajamaliza kukataa. Alisikiliza akinitazama kama mtu anayepimwa presha. Alipozivua alizitazama kwanza, akasema, "Rudisha pale anaposema hata yeye hapiti." Nikarudisha. Alimpigia mlinzi simu palepale, nami nikataka kusikia mwenyewe, nikaomba aweke spika. Simu ililia mpaka ikakatika. Mara tatu. Akasema nikimwona nimwambie arudi kazini.

Nikimwona! Kana kwamba nami ni tarishi wake. Basi nikamtafuta. Nilimkuta anabadilisha kitasa cha mlango kwenye nyumba ya mtu, kazi za hapa na pale anazopata tangu afukuzwe. Nilimweleza yote, nikijisikia mtu mwema. Hakuacha kukaza skrubu.

"Nitarudi," alisema, "kwa sababu nina wanaonitegemea. Sirudi kwa furaha."

Nikamwambia namwelewa. Hapo ndipo alipogeuka.

"Wewe si ndiye mwenye yale mavitu ya masikioni? Siku ile nilikuona umepiga magoti juu ya kile kipandio, unapigilia blanketi. Nikasema, afadhali, huyu amesikia, anapaziba watu wasipite. Nikamkumbusha bosi mara ya mwisho, nikaenda zangu roho imetulia. Kumbe, mama, ulikuwa unaziba mlio?"

Nikasema ndiyo.

"Mbao inakulilia, wewe unaifunika mdomo."

Nilimshikia mlango mpaka akamaliza kitasa chake, tukaagana bila kupeana mikono. Mume wako alisema maneno hayohayo na nikaichana barua yake. Nimeokota vipande, nimeisoma tena. Bado ni mwongo. Lakini pale hakusema uongo.

Filamu nitaimaliza. Nimemwandikia masharti yangu. Chumba nitakachofanyia kazi hataingia. Akiwa na neno aliandike. Lile tukio la ngazi litaishia mara ya pili uliposhuka, ambapo hukutazama dirishani, na kama hapendi atazame mwenyewe dirishani. Kilio chako nimekifuta kwenye nakala zote. Kimebaki kwenye kadi moja, iko mfukoni mwangu, utaamua wewe ifanywe nini.

Mama amekuja kwangu jana. Alifagia uwanja wangu uliokuwa safi, akaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa, halafu akasema anaumwa kiuno akaketi. Nilipomuuliza kama atakupokea nyumbani alinijibu, "Kwani ni nyumba ya nani?" Nadhani hiyo ni ndiyo.

Nakuja Jumamosi asubuhi kukutoa hospitali. Usininunie mlangoni na usianze kulia, maana nina mengi ya kukufokea na sitaki unichanganye. Hasira haijaisha, sijui itaisha lini, na ya kwako njoo nayo tuzipange zote mezani kwa Mama. Daktari ameniambia kwa simu kuwa unakataa mazoezi ya mguu. Basi hilo ndilo tutakaloanza nalo. Nitakushika kiunoni, utalaani, nami nitakulaani, na hatutaacha mpaka umefika ng'ambo ya chumba.

Dada yako